Mama Amekubali Kuchorwa

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo,
S.L.P. 418.
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na nakuomba uipokee hata kama imechelewa miezi mitatu. Hujambo? Shemeji hajambo, na lile goti lake limeacha kelele? Watoto je? Yule mwenye pengo ameshaota meno, au bado anapiga mluzi kila akitaka kusema?

Sisi huku wazima kabisa. Mama anakula vizuri, analala vizuri na anagombana na majirani vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa na kikohozi cha vumbi la chaki za rangi, ila kimepita chenyewe. Sina la kulalamika.

Maonyesho yangu ya tano yalifunguliwa Jumamosi ya wiki iliyopita, ukumbi uleule wa juu ya maktaba, wenye ngazi zinazolia. Picha ishirini na mbili. Fundi wangu wa fremu, yule tunayemwita Milimita, alipima kila ukuta mara tatu, na bado picha moja imelalia upande. Nimekataa kuinyoosha, makusudi, ili nimwone akiipita huku anajizuia.

Kama unavyojua, mimi nikikaa nyumbani sichori. Lazima nifunge virago, nipande basi, nishuke mji nisikojuana na mtu, nitafute pembe nikae na daftari langu. Mwaka huu nimekwenda kwa wachoma matofali, nikaenda mji wenye soko la kamba, nikamalizia kwa wafinyanzi. Na unajua pia kwamba kote huko nachora watu kwa nyuma tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Bibi Migongo. Waandishi wa magazeti nilikuwa nawaambia kwamba mgongo haudanganyi, nao wakayapenda sana maneno hayo. Ukweli, Dada, ni kwamba naona haya kumwomba mtu ruhusa. Nikikaa nyuma yake hanioni, basi namaliza kazi yangu naondoka zangu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua Mama alikuwa hajakanyaga maonyesho yangu kwa miaka sita. Sidhani kama aliwahi kukwambia sababu, na mimi niliona aibu kukuandikia.

Katika maonyesho ya kwanza nilitundika picha yake akiwa ameinama kwenye beseni la kufulia, kule uani. Kwa nyuma, bila shaka. Gauni limepanda kidogo, na shimizi limechungulia chini yake, vidole vitatu hivi. Haki ya Mungu sikuona shimizi! Niliona weupe tu, weupe mzuri uliokuwa unaibeba picha nzima, nikaupaka siku mbili huku najisifu. Mama alikuja na viatu vyake vya kutokea, akatazama, akashuka ngazi. Uso hauonekani pale, lakini nusu ya mtaa ilimtambua, na kesho yake bombani wakampokea kwa vicheko.

Hakunigombeza. Alipiga kimya, na kimya cha Mama unakijua. Picha niliishusha siku hiyohiyo, haikusaidia. Tangu hapo ukitaja rangi au ukumbi, yeye anauliza kama mvua itanyesha. Maonyesho matatu yalipita hivyo, na kila ufunguzi mimi niliutazama mlango kuliko nilivyowatazama wageni. Iliniuma, Dada. Iliniuma kuliko nilivyowahi kuonyesha.

Basi, kule kwa wafinyanzi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mama mmoja mnene anayefinyanga mtungi, nachora taratibu, nikidhani nimejificha. Akageuka ghafla.

"Wewe binti, unaniibia nini hapo nyuma?"

Nikampa daftari. Akalitazama, akaguna. "Yaani umepanda basi toka huko kwenu uje kuchora makalio yangu?"

Wenzake walicheka mpaka wakaweka udongo chini. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alinawa mikono, akafunga kilemba upya, akajipaka mafuta usoni, akavuta kigoda akakaa mbele yangu ananikodolea macho. "Haya, chora sasa."

Nikachora. Jasho lilinitoka, maana sijazoea kumchunguza mtu huku naye ananichunguza. Nilipomaliza alisema pua ile si yake, labda ya shangazi yake, lakini akawaita jirani zake wote waje waone. Nikiwa ndani ya basi la kurudi ndipo akili yangu ilipofunguka, na imechelewa miaka sita. Mama hakuwa na neno na kuchorwa. Kilichomchoma ni kwamba sikumuuliza, nikamnyima hata nafasi ya kushusha gauni lake.

Sikupitia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama na begi langu, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwomba radhi palepale mlangoni. Akaendelea kuchambua. Nikamwomba akae nimchore kwa mbele, vile atakavyo yeye. Bado anachambua. Mchele ukaisha, akaanza kuuchambua upya. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na safari hii cha ndani kikae ndani."

Nililia na kucheka kwa mpigo mmoja.

Alikaa alasiri nne. Gauni la buluu, lile la kola nyeupe, limepigwa pasi vilivyo, na viatu ameving'arisha ingawa nilimwambia picha inaishia magotini. Alisema yeye atajua kwamba ni vichafu. Hakufunga mdomo hata dakika moja, kwa hiyo mdomo nimeuchora mara saba na habari za mtaa mzima ninazo. Aliniamuru nipunguze mikunjo ya shingo. Nikapunguza miwili, tukapatana.

Siku ya ufunguzi alifika kabla yangu. Alisimama kando ya picha yake saa tatu nzima, anawapokea wageni, meno yote nje. Mwandishi wa gazeti aliponiuliza picha hii ina maana gani, Mama akadakia: "Maana yake ni mimi." Hata wale wa bombani walikuja, wakamwambia amependeza, naye akawajibu kwamba anajua. Dada, nimefurahi mpaka sijui niandikeje.

Msimamizi wa ukumbi alinijia na habari kwamba kuna daktari wa meno anaitaka hiyo picha, aiweke pale wagonjwa wake wanapongojea. Mama alisikia, akasema haiuzwi, ina mwenyewe. Nikadhani anaitaka ukutani kwake. Akasema ni yako wewe, Dada.

Wageni walipoisha tukakaa wawili kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Siku ile unaondoka, ulipogeuka getini kutupungia mkono, yeye alikuwa amekuelekezea mgongo, anajifanya anaanua nguo. Alikuwa analia, na hakutaka usafiri na machozi yake. Miaka kumi na moja sasa analijutia jambo hilo, na kwenye simu hajui aanzie wapi.

"Mwanangu aliondoka hajaniona usoni," aliniambia. "Mpelekee."

Kwa hiyo nakuletea. Milimita anatengeneza sanduku la mbao, na mwenye mizigo ameniahidi wiki tano. Usiitundike sebuleni kwa ajili ya wageni. Itundike jikoni, usawa wa macho yako, mahali unaposimama kila siku.

Nisalimie sana Shemeji na goti lake, watoto wetu wote, na Mjomba wa Redio ukimpata hewani. Shangazi Mfupi anakusalimu, na Baba Mdogo anauliza kama bado unaimba ukipika. Mungu akutunze, akupe afya na usingizi mwema, na atufikishe siku ya kuonana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kipimo,
Kitinda Mimba

Mama amesimama hapa begani pangu, anataka niongeze kwamba ile mikunjo miwili ya shingo ipo, ameirudisha mwenyewe kwa penseli, kwa sababu anataka umwone alivyo.