Jiwe Litakalovumilia Kikaango cha Mama

Kipyegon,

Fundi wa kaunta ya jikoni atafika saa nne. Mwambie alete ~~lile jiwe jeupe la kiwandani~~ graniti nyeusi. Ndiyo, nimebadilisha nia, usinicheke. Funga mbwa kabla fundi hajaingia.

Asubuhi, ukiwa bado umelala, Mama aliepua kikaango cha chapati akakiweka juu ya kile kipande cheupe tulicholetewa tukiangalie. Nikapiga kelele, “Mama, si hapo!” Alipokiinua, alama ya manjano ilikuwa imebaki. Akaifunika kwa sinia, akasema, “Basi hiyo jikoni mpya iwe ya wageni. Mimi nitapikia nje.” Alicheka, lakini chapati zilizobaki alienda kuzipikia nje kweli.

Jiwe hilo jeupe ni mawe yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi, kwa hivyo moto mkali unaliharibu. Nililipenda kwa sababu halinyonyi mafuta. Nilidhani ninampunguzia Mama kazi ya kusugua. Graniti huvumilia moto; hunyonya kidogo, lakini fundi ataipaka dawa ya kuzuia mafuta, na kuipaka tena baadaye itakuwa kazi yangu.

Chapati ziko kwenye hotpoti. Mbili ni za fundi, usijifanye umesahau.

Mama, najua utasoma hii kabla huyu hajaamka. Kaunta ikishawekwa, kikaango weka popote unapotaka. Sitasema kitu. Lakini tafadhali upikie ndani.

Binti yako, na dada ya huyo anayelala,
Jepkosgei