Sauti Isiyoingia kwenye Laptopu ya Mama

Mpendwa mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimekuachia. Sisi huku wazima, ila nyumba imepwaya tangu tulipomzika mama. Shangazi anakusalimu, na analalamika kwamba siku hizi nala nimesimama kama mlinzi.

Barua yako nimeisoma. Unasema huji tena nyumbani, kwa kuwa mama alikufa hajakusamehe ulivyoondoka bila kuaga; kwamba alikutumia rekodi za sauti zilizokuwa tupu, kimya mwanzo hadi mwisho, nawe ukalichukua hilo kuwa ndilo jibu lake, ukanyamaza. Ndipo nikaifungua laptopu yake ile ndogo.

Unanijua kwa ubishi. Siku niliyomnunulia niliifuta Windows ya kampuni, nikaweka Linux, mfumo huria usiomilikiwa na kampuni yoyote. Fundi wa kompyuta wa mtaani alinisihi: kaka, hivi vilaptopu vidogo vina vituko, jaribu kwanza kwa flashi, ukague kila kifaa, ndipo ufute. Nikamwambia anatetea minyororo yake. Akacheka, akasema minyororo yake angalau inaongea. Nilipiga wimbo mmoja, spika zikaitika, nikatangaza ushindi kwenye makala yangu gazetini. Maikrofoni sikuijaribu.

Sasa nimeijaribu. Linux haina draiva, ile programu ya kukiendesha kifaa, ya kuitambua. Kitufe chekundu kinawaka, sekunde zinakimbia, lakini hakuna kinachoingia. Bado nasema lawama ni ya watengenezaji wanaoficha siri za vifaa vyao, na hoja hiyo siiachi. Lakini mama hakuwa hoja.

Mdogo wangu, mama alizungumza. Macho yalikuwa hayamruhusu tena kuandika, basi alivuta kiti karibu na cherehani yake, akaongea. Nilikuwa chumba cha pili. Alisema hana kinyongo nawe. Kwamba hata yeye aliondoka kwao bila kuaga. Kwamba cherehani ameitia mafuta, uje uichukue. Ulipokosa kujibu alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani uko mbali husikii. Nayakumbuka maneno yote kwa sababu nilimgongea ukuta apunguze sauti. Nilikuwa naandika.

Cherehani ipo palepale. Sijaruhusu mtu aiguse.

Wasalimie wanao, uwaambie mjomba anawauliza. Mlango haufungwi kwako, saa yoyote.

Kaka yako,
yule mbishi