Picha ya Lango la Bluu

Ralitsa mjukuu wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Picha za safari yako ya milimani zimefika, na kusema kweli zimenikera. Jeshini nilipiga picha hadi za makanali na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo nisikilize. Mnara wa kanisa umeulaza kama mlevi. Yule mama mwenye mbuzi, mbuzi umempata mzima, mama nusu.

Jirani yetu Gancho akasema, "Mzee Nayden, hiyo ndiyo sanaa ya siku hizi!"

"Sanaa ya kukata watu vichwa? Nenda zako, Gancho!"

Lakini iliyonichoma ni ile ya lango la bluu. Wewe uliona rangi tu. Pale langoni imebandikwa karatasi ya msiba yenye picha ya marehemu, na marehemu huyo ni kaka yangu Stamen. Hukumjua, maana hatukusemezana tangu tugombanie malisho, na kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyeniambia kwamba amekufa. Na wewe karatasi umeikata palepale penye tarehe!

Rudi kule, mama. Simama wima, kamera usiipindishe, upige karatasi yote mpaka chini. Nataka kujua kama arobaini yake imeshapita. Kama bado, nakuja, watu wa nyumba yake wapende wasipende. Ngano ya kuwagawia watu kaburini kwake nimeshailoweka.

Ni mimi babu yako,
Nayden