Evelyn Atasoma Kirua

Kirua Vunjo,
Moshi.
17 Novemba 1996

Mpendwa Dada Mektrida,

Shikamoo dada. Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukujibu. Kila nikishika kalamu pacha mmoja analia, akinyamaza huyu anaamka yule. Lakini nisikudanganye, uchovu ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni wivu.

Hamjambo huko bondeni? Kifua cha shemeji Eliufoo kimepona? Vumbi la kuchonga barabara si la kuchezea. Sisi wazima. Kati ya pacha, Jacob anakimbia, Kornelia bado anaegemea vigoda. Sirili yuko Marangu, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Akirudi amechoka, mimi nimechoka, tunatazamana tu.

Dada, nilipojifungua pacha nikawa sina nguvu hata ya kuinua sufuria, ukamchukua Evelyn, nilikushukuru kwa machozi. Bado nakushukuru. Ila tulisema mpaka pacha waache ziwa. Wameacha. Sasa unaniandikia kwamba Januari unataka kumwandikisha darasa la kwanza huko Maurui!

Leodegar, yule wa lori la maharage ya Tanga, alipita juzi akakaa jikoni kwangu kunisifia mtoto wangu mwenyewe. "Mama Evelyn, yule sasa ni mtu wa mtoni! Shemeji yako anampandisha kwenye greda, barabara nzima wanamjua. Maurui wanamwita, Mnyuzi wanampa maembe, mpaka wavushaji wa mitumbwi wanampungia mkono." Mimi nacheka, huku kisu kinakata ndizi vipande visivyolingana. Mama mzazi haulizi, "Na mimi ananitaja?" Nikauliza. Leodegar akasema chai yangu tamu.

Tena akaniambia zile ndizi nilizowapelekea, Evelyn alionja akauliza mbona hazina nazi.

Haya, nazi nimeisamehe. La Pasaka ndilo lililonikaa. Ulipomleta kutusalimia, asubuhi alitoka chumbani akaniita "mama mdogo". Mbele ya mama mkwe! Bibi wa watu akacheka, "Leo tuna mgeni." Wewe ulimsahihisha haraka, niliona. Lakini niliona pia kwamba ulitabasamu kwanza. Dada, tabasamu lile ninalala nalo mpaka leo.

Najua Mungu hajakupa mtoto, na najua nyumba yako itakuwa kimya. Siandiki ili nikuumize. Huko ana maziwa, ana viatu, ana barabara pana. Huku mvua ikinyesha hata baiskeli haipandi. Hata huo mto wenu maji yake yanatoka huku kwetu, yanashuka na hayarudi. Ya mto siyawezi. Mtoto nitamrudisha. Atasoma hapa, apande na kuteleza njia ileile tuliyoteleza mimi na wewe tukiwa na ndoo kichwani.

Likizo za Juni zote ni zako. Tumekubaliana na Sirili, na mimi sitaligeuza neno hilo hata nikishikwa na wivu namna gani.

Msalimie sana shemeji, mwambie asikasirike. Msalimie na jirani yako Mama Monica. Mama mkwe anakusalimu, na pacha pia, ingawa wao salamu yao ni kelele. Mungu akujazie pale ninapokupunguzia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikinuna,
Dominika

Sirili atakuja kumchukua na lori la Leodegar, wiki ya kwanza ya Desemba. Tafadhali mpe kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, na vile viatu hata kama vinambana, Kornelia atavivaa akikua. Na kanga yako moja, ile unayomfunika akilala. Usiifue.