Viatu vya Yareli

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Nimeenda Sulimaniyah, mtaa wa maduka hapa Riyadh, na Yareli, binti wa bosi ninayemfanyia kazi za nyumbani, kununua viatu. Ijumaa anafikisha miaka kumi na tano. Kwao Wameksiko hiyo ni sherehe kubwa: msichana anaingia na viatu vya chini, baba anapiga magoti, anamvisha vya kisigino. Basi, amekua!

Mwenye duka alimmiminia Kiarabu. Yareli akasema mafi Arabi, hajui Kiarabu, ametoka Chicago. Mzee hakuridhika — na kabla ya Chicago?

Kwenye gari akanung'unika. Chicago wanamwita Mmeksiko. Akienda Meksiko kwa bibi yake, binamu wanamwita Mmarekani. Hapa Riyadh kila mtu anadhani ni Mlebanoni. Sasa mimi ni nani, Auntie? Griffins, dereva wetu, akajibu bila kugeuka: wewe ni abiria wangu, funga mkanda. Tulicheka mpaka machozi.

Tumechukua vyeupe, kisigino kifupi. Maryann, binti yangu, angevipenda. Alizoea kuburuta vyangu sebuleni, ko, ko, ko.

Jumanne, 4 Novemba

Yareli hataki sherehe tena. Bibi yake anaumwa, hawezi kusafiri, atatazama kwa simu. Ameomba jambo moja tu: mjukuu amsalimie kwa Kihispania, mbele ya wote. Yareli anakielewa, lakini kukisema kunampa shida. Na binamu watakuwa hapo kando ya bibi. Watamcheka. Madam, mama yake, amembembeleza — wapi!

Alhamisi, 6 Novemba

Yareli akinisaidia kumenya viazi, nimemsimulia habari za Maryann. Mtoto wa Nairobi. Nikimpeleka Kisii kwa nyanya yake, binamu walikuwa wakiigiza Ekegusii chake, wanagaagaa chini kwa kicheko. Naye anaendelea kusalimia, nyumba hadi nyumba, kwa makosa yale yale. Nyanya alimpenda hivyo hivyo.

Akauliza yuko wapi sasa. Sikuwahi kumwambia. Nikasema alifariki mwaka juzi, nikiwa bado kazini Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Kafili, mwajiri wangu wa kule, hakuniruhusu kusafiri. Nilimzika kwa simu.

 Yareli akamenya viazi vyote, hata vya kesho.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika jikoni, nimesimama, keki inangoja krimu ya mwisho. Yareli amekubali; sebuleni wote wanamsubiri.

Ameanza salamu za Kihispania! Hata mimi nasikia anavyokwama. Binamu wamecheka, kicheko kimejaa simu nzima. Bibi amewakemea, neno moja tu, wakanyamaza. Yareli ameanza upya, tangu mwanzo kabisa. Mtoto huyu!

Makofi. Namwona bosi kupitia mlangoni, amepiga magoti. Kiatu cha kwanza.

Jamani, mbona anakuja huku? Mguu mmoja juu, mmoja chini, anachechemea, kiatu cha pili mkononi. Ko — ko —. Anasema baba amemaliza chake, Auntie, hiki ni chako. Bibi yuko kwenye simu anasubiri, anauliza wewe ni nani.

Mikono yangu imejaa krimu. Ameshakaa kwenye kiti cha jikoni, mguu ameunyoosha. Basi, naweka kalamu, nafuta mikono.