Sikio Langu Lisimzuie Husna

Ukunda,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwa dada yangu Mwanaima, Vanga.

Shikamoo dada, na assalaam alaykum. Barua hii inatoka kwa mtu ambaye siku hizi madaktari wa ngozi wa Diani hawawashi mashine mpaka wamuulize. Sijisifu, nakupa habari tu. Mimi ni mzima, Husna mwanao ni mzima, na natumai magoti yako yamepoa na watu wote wa nyumbani hawajambo.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Husna asikanyage tena kule kliniki kwenye leza, ule mwanga wa kuondoa nywele, na kwamba Ijumaa Bibi Hasina anakuja na sukari yake na ndimu, aanze kumng'oa nywele za kidevu mapema kabla ya harusi. Dada, wewe umenibeba mgongoni na heshima yako iko palepale, lakini kwa hili nakataa. Bibi Hasina akifika atakaribishwa mahamri, na hiyo sukari nitaitia kwenye chai yake mwenyewe.

Wewe uko mbali, huoni. Miaka yote mitano aliyokaa kwangu, mtoto huyu alikuwa akiamka alfajiri na kibano, anang'oa mpaka kidevu kinafura vipele na kubaki na madoa meusi. Mimi mjomba wake sikuwahi kumwona akicheka bila mtandio kuufunika mdomo.

Usidhani nilimpeleka kichwakichwa. Shule niliachia darasa la sita, lakini yule Daktari Nzisa, binti wa Kikamba wa kule Shimba Hills, nilimhoji mpaka akaomba maji. Nilimuuliza kama mwanga ule unaleta saratani. Akasema hakuna ushahidi huo, mwanga unaishia kwenye mashina ya nywele. Nikamuuliza kama unaunguza watu weusi kama sisi. Hakunificha: unaweza, mashine ikiwa si ya ngozi yetu au mkono ukiwa wa pupa. Ndiyo maana alijaribu kwanza padogo chini ya taya, akangoja, akamvalisha miwani, ndipo akaanza. Akasema pia si mara moja, ni mara sita au nane, na nywele chache huenda zikarudi, kwa hiyo akamtuma apimwe damu kujua kwa nini zinaota. Nikamwambia hapo amesema kama ambavyo ningesema mimi.

Amekwenda mara tatu. Nywele zimepungua nusu, madoa yanafifia. Juzi Tembo wa buchani alimtania kwamba bwana harusi atamlipia mahari ya ng'ombe mwenye kwato mbovu, na Husna akacheka mikono iko kiunoni, mdomo wazi, njiani mbele ya watu! Sasa Bibi Hasina aking'oa, mwanga utakosa shina la kushika, na kazi yote itakuwa bure.

Najua kilichokutisha ni sikio langu. Ulipokuja kwenye posa uliliona limebabuka, nami nikakuambia mashine ililipuka, nikaizima kwa mikono yangu na kuwaokoa wagonjwa wanane. Ukaamini, na hapo ndipo ulipomkataza mtoto.

Dada, mashine haikulipuka. Hao wanane hawakuwako.

Tembo alinisema barazani, mbele ya wanaume wenzangu, kwamba masikio yangu yamefuga ndevu kunishinda mimi. Nikaona nami nitolewe. Lakini nilikwisha kumsikia Nzisa akimwambia mzee mmoja kwamba leza haioni mvi. Basi nikajipaka piko masikioni, ile rangi nyeusi ya nywele, nikalala nayo, asubuhi nikaenda. Nzisa akaniuliza mara mbili kama nimepaka rangi yoyote. Nikamjibu hizo ni nywele za ujana. Mwanga ulipopiga, rangi iliyoingia kwenye ngozi ndiyo iliyoungua, nikapiga yowe mpaka Husna akaja mbio. Yeye anajua kila kitu, na amekaa kimya asiniaibishe, huku wewe unamfungia mlango kwa uongo wangu.

Alhamisi nampeleka mara ya nne. Ukitaka kugomba, nigombe mimi.

Wasalimie shemeji na majirani, na Bibi Hasina mwambie chai ipo. Haya ya sikio usiwasomee.

Nduguyo akupendaye,
Abdulwahab

Na nywele zenyewe, dada, zimebaki vilevile, nyeupe.