Nilivyomtukana Mzee wa Vipuri kwa Voisi

Konso, usicheke mpaka nimalize. Leo nimejiaibisha hapa dukani Dongobesh, natamani nifunge nirudi kulima.

Si nilikuambia nimepata mtu wa Getanuwas, Gidamis, wa kuniletea vipuri vya zile kompyuta kuukuu za ofisi ya shamba la ngano? Tulipatana kwa meseji tu. Picha yake ni kijana kapanda pikipiki. Jana kimya siku nzima, na watu wa shamba wanataka mashine zao. Mimi, mkurugenzi mzima, nikamtumia voisi. Bila hata salamu!! "Wewe kijana, kama biashara imekushinda, rudi ukachunge ng'ombe."

Leo kaingia mzee. Blanketi, fimbo, boksi begani. Gidamis ni MZEE, Konso! Yule wa kwenye picha ni mjukuu wake.

Nikasema shikamoo. Akatua boksi mezani. Shikamoo tena. Akatoa simu, akaifungulia voisi yangu kwa sauti kubwa, wateja wote wanasikiliza. Rudi ukachunge ng'ombe. Akairudia!!

"Ng'ombe nimewaacha kwa jirani ili nikuletee mzigo wako. Jana kwetu hakukuwa na mtandao."

Nilitamani niingie ndani ya kompyuta nijifungie.

Halafu akasema, "Rekodi upya. Anza na shikamoo."

Nimerekodi, Konso. Tumetenganishwa na meza tu, naamkia simu kama kichaa. Akaisikiliza mpaka mwisho, akabonyeza simu yake taratibu. Yangu ikalia, meseji yake imeingia.

"Marahaba, binti yangu. Sasa fungua boksi."